Diskasi kwenye tangi lenye mimea: somo kwa sisi tunaoishi kwenye joto

Wadau, salaam. Wengi wameniandikia wakiuliza kwa nini nafuga diskasi, samaki wa mapambo, pamoja na mimea wakati wauzaji wanashauri tangi tupu, lisilo hata na mchanga. Tangi tupu ni rahisi kusafisha, na kwa vifaranga ni bora kweli. Ila diskasi aliyekua hutulia akiwa na majani ya kujibanza, na samaki aliyetulia hula, hung'aa na huishi. Langu liko Dar es Salaam, lina urefu wa sentimita 150, lita 400 na kidogo, na samaki saba wanaokula mkononi mwangu.

Mara ya kwanza nilianza kinyume. Nilinunua diskasi watatu wadogo siku ileile niliyojaza maji, kwa sababu muuzaji aliniambia maji yakishakuwa maangavu yako tayari. Ndani ya siku kumi wawili walikuwa wamekufa. Maji yalibaki maangavu mpaka mwisho; amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, haionekani kwa macho. Ndiyo maana somo hili linaanza na maji, linafuata mimea, na samaki wanakuja mwisho.

Hatua ya 1: Mjue samaki wako

Diskasi ni samaki wa bonde la mto Amazon. Mtaalamu Johann Jakob Heckel alimwandika kisayansi mwaka 1840. Kwa ukoo ni ndugu wa perege na sato wetu, na wa wale samaki wa rangi wa ziwa Nyasa na Tanganyika. Lakini ndugu hawa hawanywi maji mamoja. Maji ya Tanganyika na Nyasa ni magumu (yana madini mengi kama chokaa) na yenye alkali, ilhali ya Rio Negro, tawi la Amazon, ni laini sana, yenye tindikali, na rangi yake ni kama chai ya rangi kwa ajili ya majani yanayoozea msituni. Kwa hiyo kama umezoea samaki wa Nyasa, yale mawe ya matumbawe na makombe uliyokuwa ukipambia tangi yatoe yote.

Lenga joto la nyuzi 28 hadi 30, pH (kipimo cha tindikali) kati ya 6 na 7, amonia na nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo kali sana. Diskasi waliozalishwa kwenye matangi huvumilia hata pH ya 7.5, mradi isipande na kushuka kila wiki. Usikimbizane na namba kwa kumimina dawa za kushusha pH.

Hatua ya 2: Tangi na mchanga

Diskasi ni wa kundi. Weka watano au sita kwenda juu, na kila mkubwa mhesabie lita 40. Chini ya lita 250 usianze. Ukiweka wawili, mmoja atamwonea mwenzake mpaka aache kula. Wakiwa sita ugomvi unagawanyika. Kumbuka lita 400 ni kilo 400 kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya kawaida haitoshi.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, umejaa vipande vya kome na matumbawe. Tumia wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uupime: chukua kijiko kimoja, dondoshea siki. Ukitoa povu una chokaa, na chokaa hiyo itafanya maji yako yawe magumu polepole. Mawe nayo yapime hivyohivyo.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Maji ya bomba yana klorini: yatibu kwa dawa yake kila unapobadilisha. Ya kisima kwetu pwani mara nyingi ni magumu, na mengine yana chumvi. Ukionja ukasikia chumvi, hayafai hata kwa kuchanganya. Yakiwa magumu tu, changanya na ya mvua au yale yanayochujwa na mashine za maji ya kunywa. Kisima ninachotumia kina ugumu wa nyuzi 18. Ndoo moja ya kisima kwa mbili za mvua inanipa nyuzi 6. Masika yakianza, acha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati, ndipo ukinge.

Jaza, washa filta, kisha tia amonia kidogo kidogo bila samaki mpaka bakteria wanaoila wakae. Huchukua wiki nne hadi sita. Tangi limeiva siku ile utakapotia amonia ya miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 ukapima ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri. Usiharakishe hata kwa siku moja. Kwenye maji ya moto amonia huwa na sumu kali zaidi, na maji yetu ni ya moto mwaka mzima.

Halafu kuna majani ya mti wa mkungu. Yaokote yaliyoanguka yenyewe na kukauka hadi kahawia, yaoshe, tia matatu au manne. Siku ya pili utaona rangi ya chai ikishuka kutoka kwenye jani kama moshi. Samaki wangu huacha kujificha maji yakifika rangi hiyo.

Hatua ya 4: Mimea inayostahimili joto

Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanachagua mimea kwa picha. Mimea mingi ya matangi inapenda nyuzi 22 hadi 26. Kwenye 29 huyeyuka. Mchague samaki kwanza, mimea imfuate.

Anza na anubiasi, mmea wa Afrika ya magharibi na kati. Ni mgumu, jani lake nene kama la plastiki, na unaridhika na mwanga hafifu. Ufunge kwenye gogo kwa uzi. Ule mzizi wake mnene usiufukie, utaoza. Kangaga la Java nalo hufungwa hivyohivyo. Nyuma panda ekinodorasi, majani mapana marefu, mwenyeji wa Amerika ya Kusini kama samaki mwenyewe. Huyu anakula kwa mizizi, kwa hiyo mchomekee vidonge vya mbolea mchangani kila baada ya miezi miwili. Acha katikati wazi: diskasi ni mpana kama sahani na anahitaji uwanja wa kugeukia.

Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku, basi. Zaidi ya hapo unalisha mwani. Gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo wengine huipa mimea, siitumii. Maji ya moto tayari yana oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 30 hayashiki zaidi ya miligramu 7.5 kwa lita, na usiku mimea nayo inaivuta. Elekeza bomba la filta lichezeshe uso wa maji.

Neno moja zito: mimea unayopunguza usiitupe mtaroni. Magugu maji yaliyowatesa wavuvi wa ziwa Victoria yalitoka Amerika ya Kusini pia. Kausha juani, kisha choma au fukia.

Hatua ya 5: Samaki, na utaratibu wa kila siku

Nunua wote pamoja kama unaweza, wa sentimita 8 kwenda juu. Wadogo zaidi wanahitaji mlo mara tano kwa siku na tangi la mimea litachafuka. Mtazame jicho: likiwa kubwa kuliko mwili unavyostahili, samaki huyo amedumaa. Watenge kwenye tangi dogo wiki nne kabla ya kuwachanganya.

Chakula changu: moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta yote, kamba, mchicha na punje ya kitunguu saumu, nasaga, natandaza kwenye mfuko mwembamba kama chapati, nagandisha. Navunja kipande asubuhi na jioni. Kinachobaki baada ya dakika kumi nanyonya kwa mpira. Theluthi moja ya maji nabadilisha mara mbili kwa wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Nairobi: Mkuu, maji yetu ya mfereji ni laini lakini huku kuna baridi. Tangi la lita 300 nitumie hita gani?

Jibu: Kwa maji mmebarikiwa. Chukua hita mbili za wati 200, moja kila upande, badala ya moja kubwa. Moja ikigoma, ya pili inazuia maji kupoa ghafla. Moja ikikwama kwenye kuwaka, haina nguvu ya kuwachemsha haraka.

Mwanza: Kaka, naweza kuwachanganya na furu? Nawapata bure.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Furu, hao samaki wadogo wa ziwa Victoria, ni wepesi na wagomvi. Diskasi hula taratibu, atashinda njaa. Na samaki wa ziwani huja na minyoo yao. Ukitaka wenzao, weka kundi la kadinali tetra, wanatoka maji hayohayo ya Rio Negro na hawaogopi joto.

Muscat: Shikamoo mwalimu. Kiangazi tangi langu linafika nyuzi 33 kiyoyozi kikizimwa.

Jibu: Marahaba. Weka feni ndogo ipulize uso wa maji, fungua kifuniko. Mvuke unashusha nyuzi mbili hivi. Maji yanayopungua ongezea yaliyochujwa, maana yanapokauka madini hubaki. Ongeza pampu ya hewa, punguza chakula.

Tanga: Umeme ukikatika kwa muda wa saa nane, filta inaharibika?

Jibu: Pampu ya hewa ya betri iwe karibu siku zote. Filta ya kopo lililofungwa ikikaa bila mkondo, bakteria hufa na maji ya ndani yanaoza. Usiiwashe hivihivi umeme ukirudi: fungua, mwaga, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Dar es Salaam: Wangu mmoja ameingia weusi, amejibanza pembeni, kinyesi cheupe kama uzi. Nifanyeje dada zangu na kaka zangu?

Jibu: Pima maji kwanza, leo hii. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu. Maji yakiwa sawa, basi huenda ni vimelea vya utumbo. Mtenge, joto nyuzi 31, hewa nyingi, na umwone daktari wa mifugo kwa dawa ya metronidazo na kipimo chake. Usisubiri aache kula kabisa. Mistari ile tisa ya wima mwilini ikitokea kwa ghafla ni ishara ya kwanza, hata kabla ya weusi.

Mombasa: Wawili wangu wametaga kwenye jani la ekinodorasi! Niwahamishe?

Jibu: Hongera sana. Waache walipo. Mara ya kwanza huenda wakayala mayai, wengi hufanya hivyo. Yakipona yataanguliwa siku ya tatu. Siku mbili tatu baadaye watoto wakianza kuogelea, zima filta yenye mvuto mkali na uiache ya sponji, kisha uangalie ubavu wa mama: watajipanga juu ya ngozi yake kama punje za ufuta, wakila ute. Akichoka anajitikisa, wote wanahamia kwa baba.