Nenda na futikamba: namna ya kuitembelea karakana ya sanaa iliyo wazi kwa wote

Kiti changu cha magurudumu kina upana wa sentimita 62. Nikikaa, magoti yangu yanafika sentimita 66 kutoka sakafuni, na mkono wangu wa kulia huchoka mapema kuliko wa kushoto. Namba hizo nimeziandika ndani ya jalada la daftari langu la michoro, kwa sababu maneno "tunapokea wote" hayana upana. Mlango ndio wenye upana.

Mimi ni mfinyanzi wa kujifurahisha. Nimezunguka sana kwenye karakana za jamii, zile unazokuta meza ya udongo, cherehani mbili tatu, kona ya useremala na watu wa kila namna: mstaafu, kijana mwenye usonji, mama asiyesikia, mtu aliyepooza upande mmoja anayejifunza upya kushika brashi. Pakipangwa vizuri, ni raha tupu. Pakipangwa kwa maneno tu, unashinda pale siku nzima na kurudi mikono misafi. Sasa mfinyanzi mwenye mikono misafi alikwenda kufanya nini?

Piga simu, uliza sentimita

Usiulize, "Mtu mwenye ulemavu anaweza kuja?" Utajibiwa "karibu sana", na aliyekujibu hatakuwa amedanganya, hajapima tu. Uliza vitu vinavyohesabika. Kutoka barabarani hadi mezani kuna ngazi ngapi? Mlango mwembamba kuliko yote, ukifunguliwa wote, unaacha uwazi wa sentimita ngapi? Choo kiko sakafu hiyohiyo? Kwa kiti cha kawaida mlango usipungue sentimita 80, na ili ugeuke bila kugongana na watu unahitaji duara la kama mita moja na nusu.

Kuna mahali niliambiwa hakuna ngazi, "ni kizingiti kidogo tu." Kizingiti kidogo kilikuwa na kimo cha sentimita 15. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo pale palihitajika njia ya sentimita 180. Wao walileta ubao wa nusu mita. Nikaishia kubebwa na wanaume wawili kama gunia, huku mmoja akinipa pole. Pole nilipokea. Futikamba nikanunua.

Ukishauliza, na wewe jieleze. Ujumbe wangu huwa mfupi: "Nitakuja Jumamosi asubuhi kwenye ufinyanzi. Natumia kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 62. Naomba meza yenye uwazi wa sentimita 70 chini yake. Sihitaji kusukumwa. Nakuja na msaidizi wangu. Je, naye anahesabiwa kama mshiriki?" Basi. Ugonjwa wako huna haja ya kuueleza, pale si zahanati. Eleza unachohitaji ili ufanye kazi.

Kama unahitaji mkalimani wa lugha ya alama, sema mapema iwezekanavyo, maana mkalimani hapatikani kwa kuitwa asubuhi ileile. Kipindi kikiwa kirefu waombe wawili. Wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Anayefanya kazi peke yake anachoka na maneno yanaanza kumponyoka. Kama huoni, waombe wakutumie maelezo ya njia kwa maneno kutoka kituo unachoshukia, na uulize kama maandishi yao wanayo kwa nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole, au kwa sauti. Na kama kelele zinakuvuruga, uliza saa zenye watu wachache, halafu uliza kama msumeno wa umeme uko chumba kimoja na meza yako. Swali hilo la pili watu hulisahau, kisha wanashtukia katikati ya kazi.

Fika mapema, anza na choo

Nusu saa kabla inatosha. Mimi naanzia chooni, hata kama sina haja. Choo cha watu wenye ulemavu kina tabia moja ya kushangaza: kinageuka stoo. Nimekuta humo ndoo, mafagio, viti vya ziada, na mara moja sanamu ya twiga wa karatasi mrefu kuliko mimi. Ukikuta hivyo, mwambie mhudumu kwa upole kabla hujabanwa. Tazama kama pembeni ya bakuli pana nafasi ya kusogeza kiti, na kama mlango unafunguka kwa nje. Ukiona kamba nyekundu ya kuomba msaada imefungwa fundo juu, ifungue ining'inie hadi karibu na sakafu. Anayeihitaji zaidi ni aliyekwisha kuanguka.

Swali la mwisho kabla ya kuvaa aproni: moto ukiwaka, mimi ninatokaje? Lifti haitumiki wakati wa moto, kwa hiyo kama uko ghorofani wanatakiwa kuwa na jibu zaidi ya "tutakubeba." Kwa asiyesikia swali ni lilelile: king'ora kina taa?

Mezani

Hapa ndipo karakana inapojulikana. Kupita mlangoni kila mtu anakusifia, lakini aliyepita mlangoni na kushindwa kufika mezani ni mtazamaji tu.

Ingiza magoti chini ya meza kwanza. Yakigonga, usikae upande upande ukijidanganya kwamba utazoea. Baada ya saa moja mgongo utakudai. Omba meza iinuliwe kwa vipande vya mbao chini ya miguu, na hakikisha haiyumbi. Gurudumu la kufinyangia la umeme mara nyingi lina pedali ya mguu, na wengi hudhani hapo ndipo safari yetu inapoishia. Pedali hiyo ni kifaa kwenye waya. Kwa mashine nyingi unaweza kuipandisha juu ya meza au benchi na kuibonyeza kwa kiwiko. Mimi huweka mwendo, naacha pedali ilivyo, na mikono yote miwili inarudi kwenye udongo.

Kwa mkono usiofunga vizuri, zungushia mpini wa brashi sifongo na ukaze kwa utepe. Mpini mnene unashikika bila kubana vidole. Kipande cha raba chini ya bakuli kinazuia lisiteleze ukifanya kazi kwa mkono mmoja. Kwenye useremala, jiliwa ndiyo mkono wa pili: linabana ubao, wewe unapiga randa.

Rafiki yangu asiyesikia alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mikono ikiwa na udongo, mdomo wake umezibwa. Na macho hayawezi kuwa kwa mkalimani na kwenye chungu kwa wakati mmoja. Mwalimu anayefinyanga huku akiongea anamwacha nje, hata mkalimani awe hodari vipi. Mwombe aeleze kwanza, anyamaze, aonyeshe, kisha awaache mfanye. Wanaosikia nao wanaelewa zaidi hivyo, ingawa hawasemi.

Kwa asiyeona, omba ziara ya mikono: gusa meza yote, kila kifaa na mahali pake, na mkubaliane kwamba hakuna atakayehamisha kitu bila kukuambia. Jihadharini na ule mtindo wa kuelekeza kwa uso wa saa. Mhudumu mmoja alimwambia jirani yangu, "Kaka, maji yako saa tatu." Yeye alikuwa na maana ya namba tatu, yaani kulia. Jirani yangu akafikiria saa tatu tunayoitaja sisi, mshale ukiwa kwenye tisa, akapeleka mkono kushoto na kukumba sahani ya rangi. Tulicheka mpaka tukalia, lakini rangi ilikuwa yangu. Semeni kulia, kushoto, mbele, karibu na kifua. Saa iacheni ukutani.

Sasa niseme linaloniudhi. Siku moja nilikuwa nainua ukuta wa chungu, ukaanza kupinda. Mwalimu akaja, akasema, "Subiri dada nikusaidie," akaingiza mikono. Dakika mbili, chungu kikasimama kama cha dukani. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza kukiangalia, maana hakikuwa changu tena. Pembeni yangu msichana mwenye miguu yake miwili alikuwa na chungu kilichopinda kuliko changu, na hakuna aliyekigusa. Yeye alikuwa mwanafunzi. Mimi walinichukulia kama mgonjwa aliyeletwa kuchangamshwa.

Tangu hapo nina sentensi yangu, nakuazima: "Nionyeshe kwenye udongo wako, huu niachie." Iseme mapema, ukiwa bado unatabasamu. Akibisha, mkumbushe kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, una ibara nzima, ya 30, kuhusu kushiriki maisha ya kitamaduni, na inataka tupate nafasi ya kukuza vipaji vyetu si kwa faida yetu tu bali pia kwa kuitajirisha jamii. Mimi nilimtajia mwalimu mwingine, akaniuliza kama na chungu kilichopinda kinaitajirisha jamii. Nikamwambia tukichome kwanza.

Kabla ya kuondoka

Futa magurudumu ya kiti na rimu za kushikia kwa kitambaa kibichi kabla udongo haujakauka. Usikubali mtu afagie udongo mkavu karibu nawe: vumbi lake lina silika, yaani chembe laini za madini, ambayo si njema kwa mapafu, na sisi tuliokaa chini pua zetu ziko karibu nalo zaidi. Karakana nzuri husafisha kwa maji.

Chungu hutaondoka nacho siku hiyo. Kitakauka kwa siku kadhaa, kisha kichomwe mara ya kwanza kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na tanuri nalo lipewe muda wa kupoa kabla ya kufunguliwa. Kwa hiyo andika jina chini yake udongo ukiwa bado laini, na ulizia kitawekwa rafu gani. Vyangu viwili vilikaa rafu ya juu wiki tatu. Kila nikienda nikaambiwa havijatoka, kwa kuwa anayevitafuta alikuwa akiangalia chini na mimi sikuweza kuona juu. Siku hizi naomba rafu ya pili kutoka chini, mkono wa kushoto, na ninaibandika alama mwenyewe kabla sijageuza kiti.