Namna ya kupata ruhusa ya kuchapa mashairi ya marehemu yaliyobaki daftarini

Ninahariri diwani, na mashairi mengi mazuri huletwa kwangu yakiwa kwenye madaftari ya watu waliokwisha fariki. Hayajawahi kuchapwa, lakini hakimiliki yanayo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe, na ulinzi huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki.

Hatua ya 1: Tenganisha daftari na haki. Anayelitunza anaweza kuwa jirani, mwanafunzi wake au maktaba, na asiwe na mamlaka ya kukuruhusu kuchapa. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa huko New York ilizuia kitabu cha wasifu wa J. D. Salinger, mwandishi wa Marekani, kilichoandikwa na mtu mwingine kwa kutumia barua za Salinger. Barua zilikuwa kwenye maktaba za vyuo vikuu, watu wakizisoma. Haki ya kuzichapa ilibaki kwa Salinger.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye haki. Hapa ndipo penye kazi. Uliza kama kuna wosia. Kama hakuna, omba kuona barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. IV. Utaambiwa “mwone kaka mkubwa”. Mwone, msalimie, umweleze shida yako, lakini ukubwa wake peke yake haumpi mamlaka ya kusaini. Tatizo jingine: orodha ya mali hutaja nyumba, shamba na ng'ombe, mashairi husahaulika. Kama mirathi ilishafungwa, mimi hukusanya saini za warithi wote, hata yule aliyeko Muscat.

Hatua ya 3: Andika ombi mahususi. Taja kila shairi kwa jina na ubeti wake wa kwanza, ambatisha nakala, kisha eleza toleo, idadi ya nakala, kama litasomwa redioni au kuwekwa mtandaoni, na malipo. Kama huna fedha, sema mapema.

Omba pia ruhusa ya kuhariri. Mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari, ikipungua mkono huwasha kuirekebisha. Usiiguse bila idhini ya maandishi.

Hatua ya 4: Saini, tarehe, mashahidi wawili, kila upande ubaki na nakala. Ujumbe wa simu wa “sawa mwanangu, endelea” hautoshi. Mrithi mmoja akigoma au asipojibu, mimi huliondoa shairi kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani.