SOMO: Jinsi ya kuchangia vikundi huru vinavyolinda wanyama walio hatarini kutoweka, na hela yako ifike inapotakiwa

Wakuu habari zenu. Watu wengi humu wanaguswa kweli na habari za wanyama wanaoisha, mtu anaona faru aliyekatwa pembe anaumia, anauliza jamani tufanyeje, alafu mada inafia hapo hapo. Ukimbana anakuambia haamini kama hela yake itafika, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Kwahiyo leo naweka hatua za kutafuta kikundi, kukikagua, kukichangia na kukifuatilia. Naongelea vikundi vidogo vinavyojitegemea, sio serikali na sio mashirika makubwa yenye ofisi kila bara. Makubwa yana kazi yake na siyapingi, ila kwa kikundi kilichopo kijijini pamoja na mnyama hata laki moja inaonekana imefanya nini, na hao ndio wa kwanza kukaukiwa wafadhili wakipunguza.

HATUA YA 1: Muangalie kwanza mtu anayeishi na huyo mnyama

Wengi tunaanza na mnyama tunayempenda. Sawa, anza naye, ila kabla hujatoa hata mia jiulize nani analala jirani na mnyama huyu, anapoteza nini na anapata nini. Kikundi kisichokuwa na jibu la hilo swali kitakuwa kinafukuzana na majangili mpaka mwisho wa dunia.

Chukua Simanjiro, kule Manyara. Simba akiingia zizini usiku akaua ng'ombe, vijana wanatoka na mikuki, au mtu anaweka sumu kwenye mzoga, na ile sumu haichagui, inaua simba, inaua fisi na inaua tumbusi kwa makumi. Sasa shirika la Tanzania People & Wildlife walichofanya ni kuzungushia mazizi kuta hai, yaani miti inayochipua inapandwa kama nguzo alafu inafungwa wavu wa chuma, mti ukikua wavu unapanda nao, na mwenye boma anachangia sehemu ya gharama. Wameshajenga zaidi ya elfu moja. Ng'ombe wakilala salama hakuna wa kuchukua mkuki, na hapo simba amelindwa bila mtu kuhubiriwa.

Uganda kuna Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka. Mwaka 1996 akiwa daktari wa wanyamapori alikuta sokwe wakubwa (gorila) wa msitu wa Bwindi wana upele mkali, na chanzo kikafuatwa mpaka kwa binadamu, kuna nguo chafu zilikuwa zimevalishwa sanamu za kufukuzia wanyama mashambani na wale sokwe wakazigusa. Akaona huwezi kumtibu sokwe ukamuacha jirani yake hana zahanati, mwaka 2003 akaanzisha Conservation Through Public Health, wahudumu wa afya wa kijiji wanapita nyumba kwa nyumba wanaongea kikohozi, choo, uzazi wa mpango na sokwe kwa pamoja. Sokwe wa milimani leo wanahesabiwa 1,063, na mwaka 2018 walitolewa kundi la walio hatarini kabisa wakashushwa ngazi moja. Ni kazi ya wengi, hawakuwa peke yao, ila hiyo ya afya ilihitaji mtu wa pale pale kuiona.

India, jimbo la Assam, kuna korongo mkubwa wanamuita hargila, anakula mizoga, ananuka, watu walikuwa wanakata miti yenye viota vyake kwasababu ni ndege wa nuksi. Mama mmoja mwanabiolojia, Purnima Devi Barman, akaenda kwa wanawake wenzake, wakaanza kufuma picha za huyo ndege kwenye sari na kuziuza, na ndege akikaribia kutotoa wanamfanyia sherehe kama ya mama mjamzito. Leo jeshi lao ni wanawake zaidi ya elfu kumi. Mimi hiyo habari inanipa nguvu kila nikiikumbuka, maana hawakuanza na bunduki wala uzio.

HATUA YA 2: Kagua. Hapa usiwe na haraka

Usajili ndio mwanzo. Kikundi cha Tanzania kiwe kwa Msajili wa NGO, ile idara iko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Uingereza unaingia websaiti ya Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani, unaandika jina, unaona hesabu zao za miaka kadhaa bure. Marekani unatafuta fomu namba 990, yaani hesabu ambazo shirika linapeleka kwa watu wa kodi, nayo iko wazi kwa yeyote. Usajili hauthibitishi kwamba wanafanya kazi nzuri, unathibitisha tu kwamba wapo na kuna mahali wanaulizwa.

Baada ya hapo soma ripoti zao. Mimi naangalia vitu viwili. Cha kwanza wanataja kijiji, au wanasema "Afrika" tu? Cha pili wanasema kilichoshindikana? Mfano mradi wa Elephants and Bees kule Sagalla, Kenya, karibu na Tsavo, wanaweka uzio wa mizinga ya nyuki kuzunguka shamba maana tembo anawaogopa nyuki. Utafiti wao wa miaka tisa ulionyesha msimu mazao yamekomaa hadi asilimia 86 ya tembo waliosogelea mashamba waligeuzwa, na humo humo wakaandika kwamba baada ya ukame wa 2017 mizinga mingi ilikosa nyuki na uzio ukapungua nguvu kwa miaka. Mtu anayekuambia na hilo la pili, muamini na lile la kwanza.

Msibabaike sana na ile asilimia ya "gharama za uendeshaji". Watu wanataka hela yote iende kwa mnyama, sasa mnyama analindwa na nani kama sio mtu anayelipwa mshahara, mafuta ya pikipiki, betri za tochi na vocha? Ukiona ofisi ya kifahari mjini na huku porini hakuna mtu, hapo sawa, kimbia.

Mengine ya kukimbia: sehemu inayokuruhusu kubeba mtoto wa simba upige picha. Kituo cha kweli cha kuokoa wanyama hakifanyi biashara ya kushikisha watoto wa wanyama. Zile video za chatu kamkaba nyani alafu mtu "anatokea" kumuokoa, nyingi zimeigizwa na mnyama ameteswa ili kamera ipate picha, usibonyeze laiki wala usisambaze. Na yeyote anayekuharakisha, tuma leo la sivyo atakufa usiku huu, achana naye.

Ila jambo moja tuwe waelewa. Kuna vitu kikundi hakiwezi kuweka wazi, kama faru wanalala wapi au nani alitoa taarifa za jangili. Wayne Lotter wa PAMS Foundation, shirika la uhifadhi hapa Tanzania, aliuawa kwa risasi Masaki, Dar es Salaam, Agosti 2017, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kusaidia kufuatilia mitandao ya meno ya tembo. Dai hesabu za fedha, usidai majina ya watoa taarifa.

Kama huna muda wa kuchimba yote haya, tumia orodha za waliochimba kabla yako. Whitley Fund for Nature ya Uingereza kila mwaka inatoa tuzo kwa wahifadhi wanaofanya kazi na jamii za pale pale, Purnima yumo na Gladys yumo. Tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, nayo unapata majina. Kwa vituo vya sokwe na nyani Afrika, angalia kama ni mwanachama wa PASA, umoja wa vituo hivyo.

HATUA YA 3: Toa kidogo, kila mwezi, bila masharti

Watu wanapenda kutoa kikubwa mara moja, na wanapenda kitu cha kupiga picha, gari, drone, jengo. Kikundi kidogo kinakufa kwa vitu visivyopigwa picha. Nenda pwani uone kazi ya kasa. Sea Sense hapa kwetu inafanya kazi na watu wa vijiji vya ufukweni, Mafia na kwingine, watu wanatembea pwani kutafuta viota, kiota kikiwa mahali maji yatafika kinahamishwa juu, alafu kinalindwa karibu miezi miwili mpaka vitoto vitoke vikimbilie baharini. Watamu kule Kenya, Local Ocean Conservation wanapigiwa simu na mvuvi kasa akinasa kwenye wavu, wanafuata, wanampima, mgonjwa anatibiwa, mzima anarudishwa baharini, na mvuvi anapewa hela kidogo ya usumbufu, kidogo kwa makusudi maana ikiwa kubwa kuna mtu ataenda kumvua kasa kusudi. Sasa niambie hapo wa kufadhili ni nini? Ni mshahara, mafuta na simu, kila mwezi, mwaka mzima, kasa hasubiri bajeti ya mfadhili ipite. Ndio maana nasema elfu kumi ya kila mwezi isiyo na masharti inamsaidia kiongozi wa kikundi kupanga, kuliko laki tano ya kushtukiza yenye sharti la kununua kitu fulani.

Kuhusu makato, ukituma kiasi kidogo nje ya nchi makato yanakula sana. Changeni kwa pamoja, watu kumi wa kikoba au wa kazini, mtume mara moja kila miezi mitatu. Kadi ya mtandaoni ya Visa unayotengeneza ndani ya huduma ya pesa kwa simu inafanya kazi kwenye websaiti nyingi. Mlioko Uingereza na mnalipa kodi pale, wekeni tiki ya Gift Aid, kila pauni moja serikali inaongeza peni 25 kwa kikundi na wewe huongezi kitu. Mlioko Marekani angalieni Wildlife Conservation Network, shirika linalokusanyia michango vikundi vya uhifadhi, ukimtaja unayemtaka kama Ewaso Lions wa Samburu, Kenya, hela yote inaenda kwake.

HATUA YA 4: Huna hela? Una kazi ya kufanya

Vikundi vingi ripoti na mafunzo yao yako kwa kiingereza tu wakati wanayemlenga ni mvuvi au mfugaji. Ukijua kutafsiri vizuri andika barua pepe, omba kazi moja ndogo, ifanye vizuri. Mhasibu, mpiga picha, fundi wa websaiti, fundi pikipiki, wote mnahitajika. Na ukienda mbugani zima lokesheni ya simu kabla ya kupost picha ya faru, jangili naye ana simu.

HATUA YA 5: Fuatilia

Mara moja kwa mwaka soma ripoti, uliza swali moja. Wakijibu kiungwana endelea. Wasipojibu kabisa hata ukikumbusha, peleka hela kwingine, hakuna ugomvi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nina elfu tano tu kwa mwezi, si nitawaonea aibu?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Wafadhili wakubwa wanauliza jamii yenyewe inachangia? Orodha ya wazawa mia wanaotoa elfu tano tano inakipa kikundi hoja kubwa mezani, mbali na hela yenyewe.

Swali: Mimi natoka Bunda, tembo wamemaliza mtama wa mama yangu na jirani yetu aliuawa. Hivi kweli unataka nimchangie tembo?
Jibu: Pole sana, na mpe pole mama. Kifuta jasho na kifuta machozi cha serikali kipo kisheria ila kila mtu anajua kinavyochelewa, na hakirudishi mtu. Sikuambii umchangie tembo. Nawaambia walioko mjini, ambao tembo hajawahi kuwakanyagia kitu, wachangie vikundi vinavyokaa upande wa mkulima. Kule Udzungwa na Kilombero kuna STEP, kikundi cha kulinda tembo wa kusini mwa Tanzania, wanafanya uzio wa mizinga na wakulima, asali ni ya mkulima, na pembeni kuna vikundi vya kuweka na kukopa ili msimu ukiharibika mtu asilale njaa. Wewe ukipata nafasi peleka hoja ya uzio kwenye mkutano wa kijiji, mzigo huu haukupaswa kuwa wenu peke yenu.

Swali: Kwanini nichangie Vietnam wakati hapa kwetu kuna shida?
Jibu: Kwasababu magamba ya kakakuona wa Afrika yanakamatwa kwenye makontena yakielekea huko. Kakakuona wa aina zote 8 walipigwa marufuku biashara ya kimataifa mwaka 2016, lakini soko likiwepo marufuku inavunjwa. Save Vietnam's Wildlife, iliyoanzishwa 2014 na Nguyen Van Thai, wanaokoa kakakuona wao waliokamatwa, wanawarudisha msituni na wanabadilisha watu wa kule wasiwale. Mla nyama akipungua kule, mtego unapungua huku. Ukiwa na elfu kumi gawanya, sio dhambi.

Swali: Nimemaliza chuo cha wanyamapori Pasiansi, natafuta pa kujitolea. Kuna kikundi kinataka nilipe ndio nijitolee, ni sawa?
Jibu: Kuchangia chakula na malazi yako kambini ni kawaida kwa vikundi vingi, waombe mchanganuo. "Ada ya fomu" kabla hata hujaongea na mtu wa porini, hapana. Wewe una fani, watafute wenyewe kwa barua, taja unachoweza kufanya, usiandike tu kwamba unapenda wanyama.

Swali: Hiyo mada ya kakakuona imenigusa. Juzi kijijini kwetu kaonekana mmoja, wazee wamemuwekea maji, mahindi na panga waone atagusa kipi, watu wamejaa. Tufanyeje?
Jibu: Mkuu, wapigieni maliasili wilaya au TAWA (mamlaka ya wanyamapori) sasa hivi, usisubiri kesho. Wakati mnawasubiri punguzeni watu, muwekeni sehemu yenye giza na utulivu, msimlazimishe kula, yeye chakula chake ni sisimizi na mchwa tu na kelele peke yake zinamuumiza. Wazee waelezeni kwa heshima kwamba akirudi porini akiwa mzima ndio ataonekana tena. Na yeyote atakayekuja kuuliza bei, chukua namba ya gari yake uwape TAWA, usibishane naye.