Oveni ya pizza ya tofali nyumbani: tuanze na chini, kuba baadae

Watu wakitaka kujenga oveni ya pizza nyuma ya nyumba swali la kwanza huwa kuba, inapandaje, inashikwa na nini isidondoke. Kuba tutafika. Ila ukikuta oveni inakula kuni siku nzima afu pizza inatoka juu imeungua chini bado unga, mara nyingi tatizo liko chini ya sakafu, fundi kapanga tofali moja kwa moja juu ya zege na moto wote unaishia kupasha zege. Kwa hiyo hapa ni chini tu.

Vipimo vyangu ni vya oveni ya sentimita 90 kwa ndani. Inaingia pizza mbili na moto pembeni, kwa familia na wageni wa wikiendi inatosha sana. Ongeza ukuta wa tofali sm 11.5 kila upande, insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisitoroke) ya kuzunguka kuba sm 10 kila upande, na plasta, unafika kama sm 138. Ndo maana slabu, lile bamba la zege linalobeba oveni, nafanya mita 1.5 kwa upana, na 1.7 kwenda nyuma sababu mbele kuna mdomo na bomba la moshi.

Hatua ya 1: Msingi

Toa udongo wa juu wote wenye mizizi, shuka sm 25 hivi, eneo la mita 1.8 kwa 2. Kama kwako ni mchanga wa pwani mwagia maji ushindilie vizuri, kama ni mfinyanzi mweusi ule unaopasuka kiangazi shuka zaidi mpaka ukutane na udongo mgumu, usibishane nao. Weka moramu au kifusi sm 15, shindilia, laza nailoni, afu mwaga zege la 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) unene sm 12 na wavu wa nondo katikati. Mifuko mitatu ya simenti inatosha. Zege liishie juu ya ardhi kidogo ili maji ya mvua yasisimame pale.

Hatua ya 2: Stendi

Hapa hamna ufundi wa ajabu. Tofali za bloku za inchi 6, kuta tatu, mbele wazi, utapanga kuni humo. Kozi (mistari ya tofali) tatu, tofali kama 30, nunua 35 zingine zitavunjika njiani. Cheki pima maji kila kozi na pima mshazari kona kwa kona, vipimo viwili vikilingana uko skwea.

Kwa nini kozi tatu? Sakafu ya kuokea inatakiwa iwe usawa wa kiwiko cha mpishi, kati ya mita 1 na 1.1. Kozi tatu na mota zake ni sm 75, slabu 12, insulesheni 10, tofali za moto zikilazwa ni 6.4, jumla sm 103 na kitu. Mpishi akiwa mrefu ongeza nusu tofali mapema, baadae huwezi.

Hatua ya 3: Slabu ya juu

Piga mbao na mirunda chini, usibanie mirunda, kuba ya tofali za moto na kila kitu chake inaweza kukaribia tani moja na hii slabu ndo inabeba. Nondo za mm 12 kila baada ya sm 20 pande zote mbili, zinyanyuliwe na biskuti (vipande vidogo vya zege) sm 3 kutoka kwenye mbao. Ukingo wa mbele ambao hauna ukuta chini ongeza nondo mbili.

Kabla hujamwaga simamisha vipande vitatu vya bomba la plastiki nusu inchi, vitoboe slabu mpaka chini. Mafundi wengi watakushangaa, waambie ni njia ya unyevu kutoka, maana maji yakinaswa juu ya slabu insulesheni yako inakuwa sponji. Mwaga, mifuko miwili ya simenti, mwagilia siku 7 asubuhi na jioni, mbao za chini zikae wiki mbili.

Hatua ya 4: Insulesheni, hapa ndo pa kutuliza akili

Pizza ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 hadi 90 na sakafu inatakiwa iwe nyuzi 400 hivi. Zege la kawaida likivuka nyuzi 300 linaanza kupoteza nguvu, na hata kabla ya hapo linanyonya joto kwenye tofali bila kushiba. Kati yake na tofali lazima kuwe na kitu chenye hewa nyingi ndani.

Wapo wanaojaza mchanga, chumvi na chupa zilizopondwa. Vile vitu ni vizito, vinatunza joto lakini havilizuii, kwa mtu anayechoma mikate kila siku na oveni haipoi sawa, kwa wewe unayewasha Jumamosi mara moja utachoma kuni masaa kibao ukisubiri mchanga ushibe.

Mimi natumia vamikulaiti, punje nyepesi za madini yaliyovimbishwa kwa moto, au pumisi. Pumisi ni lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, linaelea kwenye maji, Rungwe kule Mbeya limejaa ardhini na Naivasha kwa majirani pia. Vamikulaiti wanayo watu wa vitalu vya miche, na mafundi wa majiko ya udongo ya Kenya wanaichanganya na simenti kujaza kati ya udongo na bati, kwa hiyo sio uchawi.

Kipimo ni tano kwa moja, kwa ujazo na sio kwa uzito. Kwa eneo letu ni kama ndoo 14 za lita 20 kwa ndoo 3 za simenti. Pumisi iloweshe kwanza, la sivyo itakunywa maji ya simenti yote. Changanya kwa mkono taratibu, mikisa inasaga vamikulaiti inakuwa unga. Bonyeza kiganjani: ikishikana bila kuchuruzika maji ipo tayari. Tandaza sm 10, piga na ubao kidogo tu, ukishindilia kama moramu umeua hewa yote uliyoilipia.

Afu uiache ikauke, na sio siku mbili. Siku ya jua kali funika kipande kwa nailoni masaa mawili, ukifunua ukakuta matone upande wa chini bado. Usiku na mvua ikija turubai juu.

Hatua ya 5: Sakafu ya kuokea

Tofali za moto sm 23 kwa 11.4 kwa 6.4, kwa sakafu nunua 40 kuna za kukata. Tofali zetu za kuchoma za tanuru la kijijini zinaweza kushika kwa muda ila zinamomonyoka, utatafuna mchanga kwenye pizza.

Hamna mota hapa, simenti kati ya tofali itapasuka. Changanya mchanga laini na udongo mweupe wa kaolini kama wa Pugu, nusu kwa nusu, loweka kidogo tu, tandaza milimita 5 ukisawazisha kwa ubao mnyoofu. Panga tofali kwa mshazari wa nyuzi 45 kutoka mdomoni, zigusane, sepetu ya kuingizia pizza ikiingia isikutane na ukingo mbele kwa mbele.

Kuna wanaojenga kuba juu ya sakafu. Mimi nakata sakafu duara la 90 na ukuta unakaa nje yake, naacha mwanya wa nusu sentimita unaojazwa majivu, tofali zikivimba na joto zina pa kwenda na moja ikipasuka unaing'oa bila kugusa kuba. Grainda na diski ya dayamondi, na barakoa vaa, vumbi lile ni baya kwa mapafu.

Mwisho pitisha ukingo wa mwiko kila upande. Ukigonga, nyanyua hiyo tofali, punguza au ongeza mchanga, rudisha, pitisha tena. Funika na turubai, mtafute mtu wa kukuchongea fomu ya kuba.