Kabla Hujanunua Kamera ya Rivasi

Magari mengi ya Nairobi yalianza maisha Japani, yakashuka bandarini Mombasa yakiwa na miaka saba hivi, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane. Japani ilianza kulazimisha kamera ya nyuma kwa modeli mpya Mei 2022. Marekani ilikuwa imetangulia, Mei 2018, kwa magari mapya madogo. Kwa hiyo Probox au Vitz unayoendesha leo ina bahati ikiwa ilikuja na kamera, na ikiwa nayo, huenda redio yake bado inaongea Kijapani. Kazi ya kuona nyuma imeachiwa mwenye gari. Sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, lakini kamera, ambayo kila mtu hukimbilia kwanza, mimi naiweka karibu na mwisho.

Kwanza ujue usichokiona kiko wapi. Chukua mitungi miwili ya maji ya lita 20, uipandanishe. Urefu wake unakaribia ule wa mtoto wa miaka miwili. Iweke nyuma ya bampa, kaa kwenye kiti, funga mkanda, kisha mtu aisogeze nyuma polepole mpaka uone kifuniko cha juu kwenye kioo cha ndani. Hapo achore mstari kwa chaki. Rudia upande wa kushoto na wa kulia kwa vioo vya pembeni. Gari lenye buti ya juu kama Premio litakushtua, maana mstari huangukia mbali kuliko ulivyokisia, na katikati hapo ndipo watoto wa ploti wanapochezea bladda jioni. Kipimo cha Marekani kinataka kamera ionyeshe eneo la upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 nyuma ya gari. Pima eneo hilo pia kwa chaki, uone ni kiasi gani kimefichika kwako. Usipofanya hivi utanunua kifaa cha kukuonyesha mahali ulipokuwa tayari unapaona.

Sasa yasiyo na gharama. Teremsha mito ya vichwa ya kiti cha nyuma ikiwa hakuna abiria. Toa boksi la tishu, kofia na mwavuli pale nyuma ya kiti. Stika za timu na za kanisa zihamishie kwenye bampa, baraka haitapungua.

Kisha vioo vya pembeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu madereva wengi tulifundishwa kuvitega vibaya. Ukiona ubavu wa gari lako mwenyewe kwenye kioo, umeipoteza nafasi hiyo bure, kwani ubavu huo hauendi popote. Mhandisi wa Marekani, George Platzer, alilipigia hesabu suala hili mwaka 1995, na njia yake ni rahisi. Egemeza kichwa mpaka kikaribie dirisha lako la kulia, halafu sukuma kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa mbali tu ukingoni. Rudi, inamia katikati ya viti viwili vya mbele, ufanye vilevile kwa kioo cha kushoto. Ukikaa wima, ubavu hauonekani tena. Jaribu ukiwa Thika Road: matatu inayokupita inapaswa kutokea kwenye kioo cha pembeni kabla haijatoka yote kwenye kioo cha ndani, na kabla haijatoka kwenye cha pembeni uwe umeshaiona kwa pembe ya jicho. Siku za mwanzo utajihisi mgeni ndani ya gari lako. Vumilia. Ila hata ukitega vizuri namna gani, bodaboda anayepenya katikati ya foleni pale Jogoo Road hakupi muda mrefu, kwa hiyo geuza shingo kabla ya kubadilisha leni.

Kwa huyo wa bodaboda, vile vioo vidogo vya mviringo vya kubandika vinasaidia kweli. Chagua cha kioo halisi, maana vya plastiki hutoa picha inayotetemeka na hupauka kwa jua. Kabla ya kubandika, kaa kwenye kiti uangalie ni kona gani ya kioo kikubwa inakuonyesha mawingu au kitu usichokihitaji, maana hapo ndipo pake. Futa kwa spiriti, acha pakauke, bonyeza, kisha usiguse mpaka kesho yake. Kumbuka vioo vya namna hii husogeza kila kitu mbali. Vinakuambia kwamba kuna mtu, lakini umbali wake usiuamini.

Wizi wa saidi mira nao unaingia kwenye hesabu hii. Wengi wetu tunachora namba ya gari kwenye kioo na kupiga riveti pembeni ili kisichomolewe kwenye foleni. Fanya, lakini mwambie anayechora aweke herufi ndogo kwenye ukingo. Nimeona vioo vilivyochorwa katikati kabisa kwa herufi nene, usiku taa za gari la nyuma zikipiga pale dereva haoni ila mng'ao. Na kabla ya riveti, uliza kama nyuma ya kioo kuna mota au waya za kupasha joto. Riveti ikipita hapo, umejinunulia kioo kingine.

Kioo cha nyuma chenyewe husahaulika mpaka mvua za Machi zianze. Raba ya waipa ya nyuma ikishachanika inapaka matope badala ya kufuta, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Mistari ya kupasha kioo joto ijaribu asubuhi ya baridi ya Julai: washa, tazama ni mstari gani unaobaki na ukungu. Huo umekatika mahali. Kuna rangi maalumu yenye madini ya fedha ya kuunganisha pale palipokatika, na hupakwa kwa brashi ndogo baada ya kuweka utepe juu na chini ya mstari. Sababu kubwa ya mistari hii kukatika ni mtu kubandua tinti kuukuu kwa wembe. Loweka kwa maji ya sabuni, acha gari juani likiwa limefunikwa nailoni nyeusi kiooni, tinti itaachia yenyewe. Na ikiwa gari lako lina tinti nzito nyuma, ibandue kabla ya kuwaza kingine chochote.

Wenye vani kama HiAce, au gari lolote ambalo kioo cha nyuma kimesimama wima, wana njia nyingine isiyo na waya hata mmoja: lenzi ya Fresnel. Ni karatasi ya plastiki yenye mifereji midogo ya duara, unaibandika kioo cha nyuma kwa ndani, nayo inakunja mwanga na kukuonyesha chini, karibu na bampa, mahali kioo cha kawaida hakifiki. Kwa gari ambalo kioo kimelala, haina maana.

Ukifika kwenye kamera, swali la kwanza ni redio. Redio nyingi za Toyota kutoka Japani hujifunga betri ikichomolewa, zikaomba namba ya kufungulia ambayo huna. Usiguse betri kabla ya kujua yako ni ya aina gani. Ukiwa na shaka, iache betri, chomoa fyuzi ya taa za rivasi, fanya kazi kwenye saketi hiyo peke yake. Pia chungulia nyuma ya redio kama kuna soketi ya kamera. Nyingi zinayo, na unachohitaji ni waya wa kugeuzia tu. Kama redio haina kioo cha picha, kuna vioo vya ndani vyenye skrini vinavyofungwa juu ya kile cha zamani.

Kamera inapata umeme wake kwenye waya wa taa ya rivasi, ili iwake ukitia gia tu. Tafuta waya huo kwa mita ya kupimia umeme: swichi ikiwa imewashwa bila injini kunguruma, breki ya mkono ikiwa juu, mtu atie rivasi, usome volti 12, atoe, isome sifuri. Rangi za waya zisikudanganye, hutofautiana gari kwa gari. Weka fyuzi ndogo, kwani kamera haili hata ampea moja. Waya wowote wenye bomba au soketi ya manjano, hasa kwenye nguzo za pembeni na chini ya usukani, uache kama ulivyo, maana huo kwa kawaida ni wa mikoba ya hewa.

Kabla ya kutoboa au kubandika chochote, unganisha kila kitu kikiwa kinaning'inia, uone picha. Mtu asimame nyuma kushoto. Akitokea kulia kwenye skrini, kamera imewekewa mpangilio wa kamera ya mbele. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya kinachokatwa kugeuza picha na kingine cha kuondoa mistari ya kuegesha, kwa hiyo soma karatasi yake ujue kipi ni kipi. Mistari yenyewe isipolingana na mistari yako ya chaki, iondoe. Alama ya IP67 maana yake vumbi haliingii na kamera inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, kwa hiyo inafaa kwa vumbi la Ruai na mvua ya Aprili, ingawa alama kwenye boksi ni jambo rahisi kuchapisha.

Sensa za bampa sina mengi ya kusema. Zitoboe kwenye bampa la plastiki kwa keekee iliyokuja nazo, kimo cha nusu mita hivi, alama ya juu ikitazama juu. Usizitegemee kwa chuma chembamba au kamba.

Na ikiwa kazi utampa fundi wa waya, simama naye wakati wa sehemu moja: pale waya unapovuka kutoka kwenye bodi kwenda mlango wa buti. Upite ndani ya bomba la mpira lililo na waya nyingine, usipenyezwe kando ya raba, ambako mlango utaukata. Kabla hujamlipa, tia rivasi, breki ya mkono ikiwa juu, na umwombe afungue na kufunga buti mara kadhaa huku wewe ukitazama skrini. Picha ikikatika hata mara moja, arudi aanzie hapo.