Jinsi ya Kufuatilia Kazi za Otto Wagner Mjini Vienna

Anayetaka kumwelewa msanifu majengo Otto Wagner (1841–1918) aanze na majengo yenyewe kabla ya kusoma wasifu wake, na ayatembelee kwa kufuata miaka ya ujenzi.

Anzia kwenye jengo lililokuwa kituo cha reli ya mjini cha Karlsplatz, ambako fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani imeachwa wazi, huku mabamba meupe ya marumaru yakiwa yamenakshiwa kwa dhahabu. Kisha pita mtaa wa Linke Wienzeile, nyumba namba 38 na 40, uone kuta zake. Hapo hapahitaji muda mrefu.

Sehemu kubwa ya siku uitenge kwa Benki ya Akiba ya Posta, iliyojengwa kati ya 1904 na 1906. Simama karibu na ukuta wa nje utazame vichwa vya alumini vya bolti, vinavyomdhihirishia mtazamaji kwamba mawe yale ni ganda jembamba tu juu ya matofali. Baadaye ingia ukumbini, ambamo mwanga hupenya paa la kioo na kushuka hadi ghorofa ya chini kupitia sakafu ya vioo. Kwa maoni yangu, hakujenga kilicho bora kuliko hiki.

Malizia kwenye Kanisa la Steinhof, lililokamilika mwaka 1907 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Chunguza sakafu inayoteremka kuelekea altareni, ili walioketi nyuma waone na usafi uwe rahisi, pamoja na viti visivyo na pembe kali, ili mgonjwa asijiumize.