Somo: Kupima hatari ya Nyiragongo mtaani kwako, Goma

Kila mtu huuliza mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, utalipuka lini. Swali hilo tuwaachie wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, wenye mitambo. Wewe chukua karatasi, uchore mtaa wako.

Hatua ya 1: Njia ya lava. Usipime umbali kutoka kreta (mdomo wa mlima) peke yake, hapo ndipo wengi wanapokosea. Januari 2002 ardhi ilipasuka ubavu wa kusini hadi karibu na Munigi, lava ikatokea mlangoni pa mji. Takriban 13% ya Goma ilifunikwa, pamoja na sehemu ya uwanja wa ndege. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo inatiririka kama uji mwepesi na kufuata mabonde. Chora mipasuko ya 1977, 2002 na 2021, halafu mabonde yaliyo chini yake. (Lile jiwe jeusi ulilojengea msingi, jiulize lilifikaje hapo.)

Hatua ya 2: Kilichomo njiani. Nyumba, shule, zahanati, mabomba. Mei 2021 lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji, lakini barabara ya Rutshuru ilikatika na watu wengi wakakosa maji. Tia alama vituo vya mafuta pia: 2002 kimoja kililipuka siku kadhaa baada ya lava kufika, kikaua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta.

Hatua ya 3: Nani atashindwa kutoka? Ipe kila nyumba alama 1 hadi 3 za tishio, na 1 hadi 3 za udhaifu, uzidishe. Nyumba mbili zimepakana bondeni, tishio 3 zote. Moja ina vijana wenye pikipiki: 3 × 1 = 3. Ya pili ina bibi asiyetembea na mama wa mapacha wachanga: 3 × 3 = 9. Hiyo ya pili ndiyo ya kugongewa mlango kwanza.

Hatua ya 4: Hewa na maji. Moshi wa Nyiragongo na wa volkano jirani, Nyamulagira, hufanya mvua kuwa na asidi. Anayekinga maji ya bati aandikwe.

MASWALI

Mwalimu, nyumba yangu ni ya mbao. Nijenge ya matofali?
Kwa lava, zote zitakwenda. Kwa tetemeko, mbao inavumilia zaidi. 2021 matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta Goma na Gisenyi.

Na gesi ya ziwa Kivu?
Kaboni dioksidi na methani zimekaa kilindini. Lava iliingia ziwani 2002 bila kuziamsha. Hofu ya 2021 ilikuwa magma (mwamba ulioyeyuka) iliyosogea chini ya mji na ziwa, ndiyo maana tarehe 27 Mei watu waliamriwa kuhama. Uwezekano ni mdogo, madhara hayapimiki. Mimi huiandika kando, siichanganyi na alama za nyumba.

Mazuku nitayajuaje? Watoto wanachezea shimoni nyuma ya nyumba.
Hayana rangi, na usitegemee pua. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Ukiona panya au ndege amekufa humo, usishuke, hata kama aliyeanguka ni mwanao: ita watu, mvuteni kwa kamba mkiwa juu. Hilo shimo lizungushie uzio leo.